Alumini: maswali yanayoulizwa sana, na majibu yake kwa watu wa Tanga

Mengi ya maswali haya huja kwa mdomo: sokoni, barazani baada ya swala, kwenye daladala ya Pongwe, na darasani ninakofundisha kemia. Nimeyaacha karibu kama yalivyoulizwa. Hayakupangwa kwa uzito, kwa hiyo anayetafuta habari za sufuria tu ashuke moja kwa moja hadi huko.

Alumini ni kitu gani hasa?

Ni metali, elementi yenye alama Al na namba atomia 13. Rangi yake ni ya fedha, sumaku ya kawaida haiivuti, na inayeyuka kwenye nyuzijoto 660 za Selsiasi, wakati chuma kinahitaji 1,538. Sentimita moja ya ujazo ina uzito wa gramu 2.7, ya chuma ina 7.9, karibu mara tatu. Ikiwa safi kabisa ni laini kiasi kwamba waya wake unaukunja kwa vidole. Kwa sababu hiyo alumini nyingi unayoishika dukani ni aloi, imetiwa shaba, magnesiamu, silikoni, manganizi au zinki kidogo ili ikaze. Fremu ya dirisha, kopo la kinywaji na bawa la ndege vyote huitwa alumini, lakini ukimpa fundi wa ndege fremu ya dirisha atakucheka.

Katika ganda la dunia inachukua karibu asilimia 8 ya uzito, ikiwa ya tatu baada ya oksijeni na silikoni. Hakuna metali iliyo nyingi kuizidi. Udongo mwekundu wa Muheza unayo, tofali la kuchoma linayo, chungu cha mfinyanzi kinayo. Ila huikuti ikiwa peke yake. Imeng'ang'aniana na oksijeni.

Hapa kila chuma kinaliwa na chumvi ya bahari. Mbona alumini inasalimika?

Cha ajabu, alumini ina uchu wa oksijeni kuliko chuma. Ikwaruze kwa kisu, na kabla hujakirudisha kisu mfukoni mahali pale pameshafunikwa na utando wa oksidi ya alumini. Unene wake ni sehemu chache za milioni ya milimita moja. Hauonekani, hauna rangi, na umeshikamana barabara na metali iliyo chini yake. Kutu ya chuma humomonyoka ikaacha chuma kipya wazi kiendelee kuliwa. Utando wa alumini hubaki palepale ukazuia hewa na maji yasipite. Ukikwaruzwa, unajiziba wenyewe.

Maswali mengi yaliyobaki hapa chini, ya madirisha, ya sufuria, ya kuchomelea, hata ya zebaki, majibu yake yanaanzia kwenye utando huu. Vitu vinavyoushinda si vingi: chumvi iliyotulia mahali pamoja kwa muda mrefu, asidi na magadi, metali nyingine ikigusana nayo penye unyevu, na zebaki.

Mwalimu, shikamoo. Nyumba yetu iko Raskazone na madirisha ya alumini yameanza kutoa unga mweupe. Fundi alisema hayaozi milele.

Marahaba. Kabla hujamlaumu muuza fremu, chukua tochi uangalie unga ule umeanzia wapi. Mara nyingi utaukuta umezunguka vichwa vya skrubu. Skrubu za chuma cha kawaida ndizo rahisi dukani, na fundi akizifunga kwenye fremu ya alumini mita mia mbili kutoka baharini anakuwa ametengeneza betri ndogo: metali mbili tofauti, na umande wa chumvi katikati. Katika betri hiyo alumini ndiyo inayoliwa. Kichwa cha skrubu kinapata kutu ya kahawia kidogo, na pembeni yake alumini inafura, rangi inainuka kama lengelenge, kisha unatoka ule unga mweupe.

Dawa ni skrubu za chuma kisichoshika kutu, zenye washa ya plastiki au ya mpira chini yake. Chuma kisichoshika kutu nacho ni metali tofauti, lakini kwa sababu skrubu ni ndogo na fremu ni kubwa, madhara yake ni madogo sana, na washa inayapunguza zaidi.

Sababu ya pili ni saruji. Plasta mbichi ina alikali kali, na tone lililoachwa juu ya fremu usiku mmoja linaacha doa jeupe lisilofutika. Fremu zifungwe plasta ikiwa imekauka, au zifunikwe kwa nailoni. Sababu ya tatu ni uvivu wetu: reli ya chini ya dirisha la kusukuma ina vitundu vya kutolea maji, vikizibwa na mchanga maji ya chumvi yanatuama humo. Kopo la maji baridi na kitambaa mara moja kwa mwezi linatosha. Msisugue kwa stilwaya.

Fremu nzuri za pwani hupitishwa kwenye umeme ndani ya asidi ili utando wa oksidi uongezeke unene maelfu ya mara, au hupakwa rangi ya unga iliyookwa. Muulize muuzaji ni ipi kati ya hizo mbili. Akikosa jibu, nenda duka la pili.

Mabati ya kisasa ya aluzinki ni alumini?

Ndani ni chuma. Kilichopakwa juu ndicho chenye alumini kama asilimia 55, zinki karibu 43 na silikoni kidogo. Sumaku itakuambia: ikinata, ni chuma.

Kama imejaa ardhini namna hii, kwa nini watu hawakuijua mpaka juzi?

Kwa sababu moto wa mkaa hauiwezi. Mawe ya chuma ukiyaweka na mkaa kwenye tanuri, kaboni inaichukua oksijeni na kukuachia chuma. Wahunzi wa Afrika walikuwa wakifanya hivyo zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Oksidi ya alumini haiachii, hata ukivukuta mpaka alfajiri.

Chumvi zake zilijulikana zamani. Shabu, ambayo wazee wetu waliitia kwenye maji ya kisima ili tope litulie, na vinyozi wanaipitisha kwenye kidevu baada ya wembe, ni chumvi ya alumini na potasiamu. Mwaka 1754 Andreas Marggraf wa Berlin alipata kutoka kwenye shabu unga mweupe, ambao leo tunajua ni oksidi ya alumini. Mwanzoni mwa karne ya 19 Humphry Davy wa Uingereza alijaribu kuitoa metali kwa umeme, akashindwa, lakini jina la elementi alikuwa ameshalitunga.

Aliyefanikiwa kwanza ni Hans Christian Ørsted wa Copenhagen, yuleyule aliyeonyesha mwaka 1820 kwamba mkondo wa umeme unasogeza sindano ya dira. Mwaka 1825 alipasha moto kloridi ya alumini pamoja na potasiamu iliyoyeyushwa kwenye zebaki, akaivukiza zebaki, akabaki na kibonge kidogo chenye rangi na mng'ao wa bati. Hakikuwa safi. Mwaka 1827 Friedrich Wöhler wa Ujerumani akaitumia potasiamu yenyewe na kupata unga wa kijivu, na kufikia 1845 alikuwa na chembe kubwa za kutosha kupima sifa zake. Hapo ndipo wepesi wake ulipothibitika. Wajerumani hupenda kumtaja Wöhler. Kwenye mtihani andika Ørsted, 1825.

Ni kweli iliwahi kuwa ghali kuliko dhahabu?

Kwa kipindi kifupi, kabla ya 1854, ndiyo, kwa sababu ilikuwa inatengenezwa kwa gramu. Mwaka huo Henri Sainte-Claire Deville wa Ufaransa aliacha potasiamu akatumia sodiamu, ambayo ni rahisi zaidi, na bei ikaanza kuporomoka. Mfalme Napoleon III alimfadhili, na vipande vya alumini vikawekwa kwenye maonyesho makubwa ya Paris mwaka 1855. Kuna simulizi linalorudiwa sana kwamba wageni wa heshima wa mfalme huyo walikula kwa vijiko vya alumini na wa kawaida wakapewa vya dhahabu. Kama ni kweli, walikula kwa kile ambacho leo tunakorogea uji wa mtoto.

Mwaka 1884 Wamarekani walipomaliza mnara wa Washington waliuvisha kileleni ncha ya alumini ya karibu kilo 2.85. Bei yake wakati ule ilikuwa inakaribiana na ya fedha.

Miaka miwili baadaye mambo yakageuka. Charles Martin Hall, kijana wa Oberlin, Ohio, alikuwa na maabara kwenye banda la nyumbani kwao; dada yake Julia, aliyesoma kemia pia, alishuhudia na kuandika mengi ya kazi hiyo. Tarehe 23 Februari 1886 Hall aliyeyusha oksidi ya alumini ndani ya madini yaitwayo kriolaiti, akapitisha umeme, na vijibonge vya metali vikajikusanya chini. Mwaka huohuo Paul Héroult wa Ufaransa aligundua njia ileile bila kumjua mwenzake. Wote wawili walizaliwa 1863 na wote wawili walifariki 1914; wanafunzi wangu wanaisahau kanuni ya njia hiyo lakini miaka hiyo hawaisahau.

Ujanja ulikuwa kwenye kriolaiti. Oksidi ya alumini peke yake inayeyuka kwenye nyuzi 2,072, joto ambalo hakuna chombo cha kawaida kinalistahimili. Ndani ya kriolaiti iliyoyeyuka kazi inafanyika kwenye nyuzi 950 hivi. Kisha Carl Josef Bayer, Mwaustria aliyekuwa akifanya kazi Urusi, akapata mwishoni mwa miaka ya 1880 njia ya kuisafisha boksiti, yaani mwamba unaotolewa oksidi ya alumini, kwa magadi makali ya sodiamu. Njia ya Bayer na ile ya Hall na Héroult ndizo zinazotumika viwandani hadi leo.

Milima ya Usambara ina boksiti. Kwa nini tusiyeyushe wenyewe hapahapa mkoani?

Swali hili huulizwa kwa hasira kidogo, na hasira yenyewe naielewa. Boksiti ipo kweli, Magamba kule Lushoto. Ni udongo-mwamba mwekundu uliobaki baada ya mvua za zama nyingi kuosha vingine vyote.

Tuhesabu. Tani 4 hivi za boksiti hutoa tani 2 za oksidi, na hizo tani 2 hutoa tani 1 ya alumini. Kuipata kilo moja ya metali kunakula kama uniti 14 za umeme. Ndiyo, uniti zilezile tunazonunua kwa LUKU. Mtambo wa New Pangani Falls una megawati 68. Ungeuelekeza wote kwenye alumini, usiku na mchana, nyumba zote zikae gizani, ungepata tani kama 42,000 kwa mwaka. Kiwanda cha Mozal karibu na Maputo, kilichoanza kuzalisha mwaka 2000, kilijengwa hadi kufikia uwezo wa zaidi ya tani 500,000 kwa mwaka, na kwa ukubwa huo unazungumzia megawati 900 hivi bila kusita. Bwawa la Julius Nyerere lina megawati 2,115. Kiwanda kimoja cha namna hiyo kingechukua zaidi ya theluthi yake.

"Bila kusita" si maneno ya kujaza. Umeme ndio unaoweka ule mchanganyiko katika hali ya kuyeyuka. Ukikatika saa chache, kila chungu cha kuyeyushia kinaganda kikawa jiwe, na kukifufua ni kazi ya nyundo na fedha nyingi. Ghana ilijenga kiwanda cha Tema kutegemea bwawa la Akosombo, na kina cha ziwa kiliposhuka kiwanda kiliyumba.

Halafu kuna taka. Njia ya Bayer huacha tope jekundu lenye alikali kali. Tarehe 4 Oktoba 2010 kingo za bwawa la tope kama hilo zilibomoka Ajka, Hungaria, na watu 10 wakapoteza maisha. Nikiyawaza mabwawa hayo juu ya mabonde ya Lushoto, yenye vyanzo vya maji na mashamba ya mboga yanayolisha Tanga na Dar es Salaam, nasema boksiti ikae palepale mpaka tuwe na jibu la tope. Wapo watakaonipinga, na wanaruhusiwa.

Yakuti za Umba zinahusiana vipi na sufuria?

Ni oksidi ileile. Yakuti za bonde la Umba, huko kaskazini mwa mkoa wetu, ni fuwele za oksidi ya alumini. Ikiwa safi haina rangi. Kromiamu kidogo inaipa wekundu, chuma na titani vinaipa ubuluu. Umba imejulikana duniani kwa rangi zake nyingi zisizo za kawaida. Ugumu wake ni 9 katika kipimo cha Mohs ambacho almasi ni 10, ndiyo sababu unga wa oksidi hii huwekwa kwenye msasa.

Sufuria yangu mpya imekuwa nyeusi ndani baada ya kuchemshia maji tu. Nimeuziwa feki?

Hapana, bibie. Maji yetu ya visima, hasa huku ambako chini ni mwamba wa matumbawe, yana chokaa na chumvi nyingi na yameelemea upande wa alikali. Yakichemka, yanaubadilisha ule utando ukawa mnene na mweusi. Hauna sumu na hauharibu chakula. Akitaka mng'ao wake urudi, mtu akamulie ndimu mbili tatu au atie ukwaju kwenye maji, aiinjike sufuria, aiache itokote dakika kumi. Weusi unaondoka wenyewe. Ukiusugua kwa stilwaya na mchanga, unaondoka pia, lakini unaondoka na sufuria yako kidogokidogo.

Magadi kwenye maharage, ukwaju kwenye samaki: vinafaa kwenye sufuria ya alumini?

Kupika kwa muda mfupi, sawa. Kulaza, hapana. Asidi ya ukwaju, ndimu na nyanya huyeyusha utando polepole. Magadi ni mabaya zaidi: alikali hula utando na metali iliyo chini, na ukitazama karibu utaona vipovu vidogo vikitoka kwenye kuta za sufuria hata moto ukiwa umezimwa. Hivyo ni vipovu vya haidrojeni. Makande ya magadi yaliyolazwa kwenye sufuria hadi asubuhi yanakuwa na ladha ya metali, na ukutani kunabaki vishimo. Epua, hamishia kwenye bakuli la udongo, la kioo au la plastiki ya chakula. Mchuzi wa nazi hauna neno.

Kuna watu wanasema sufuria za alumini zinaleta ugonjwa wa kusahau.

Hofu hiyo ilianza mwaka 1965, watafiti walipowadunga sungura chumvi za alumini wakaona mabadiliko kwenye ubongo. Katika miaka ya 1970 wagonjwa wa figo waliosafishwa damu kwa maji yenye alumini nyingi walipata madhara ya ubongo, na hilo halina ubishi. Lakini figo nzima zinaitoa, na ya chakula ni chini ya asilimia moja tu inayoingia kwenye damu. Uhusiano kati ya sufuria na ugonjwa wa Alzheimer haujathibitishwa mpaka leo.

Kamati ya wataalamu ya WHO na FAO iliweka mwaka 2011 kikomo cha miligramu 2 kwa kila kilo ya mwili kwa wiki. Mtu wa kilo 60 ni miligramu 120. Dawa nyingi za kiungulia ni haidroksidi ya alumini, na kidonge kimoja kinaweza kuwa na alumini kuliko mlo mzima. Mwenye ugonjwa wa figo amuulize daktari kabla ya kuzitumia. Hao ndio ninaowahofia, na si mama anayepika wali.

Sufuria nene za mafundi wa mtaani na za kiwandani, ipi bora?

Hapa nitasema kirefu, maana hili lina uzito kuliko hilo la kusahau.

Sufuria ya kiwandani hukatwa kutoka kwenye bamba la alumini lililo karibu safi, ikashindiliwa kwa mashine. Ya mtaani inasubiwa. Kaa karibu na fundi uone. Anachukua sufuria nzima kama kielelezo, anaishindilia kwenye mchanga wenye unyevu kidogo ndani ya fremu mbili za mbao, kisha anaitoa taratibu ili mchanga ubaki na umbo lake. Pembeni kuna tanuri la mkaa na feni, na juu yake chungu cha chuma. Humo zinaingia pistoni, vifuniko vya injini, makopo, vipande vya fremu, mbavu za pasi ya zamani. Vinalainika, vinazama kimoja kimoja. Anakung'uta povu la majivu kwa upawa mrefu, anamimina mara moja bila kusimama, na punde anauvunja mchanga na sufuria iko pale, ya kijivu, yenye kingo za kupigwa tupa. Kazi ya mikono inayopendeza kuitazama. Sufuria yenyewe ni nzito, inasambaza moto vizuri, na pilau ya shughuli haishiki chini.

Tatizo ni kwamba fundi hana namna ya kujua kilichomo kwenye chungu chake. Pistoni ina silikoni, hiyo si neno. Lakini ndani ya skrepa hujificha metali ya risasi: kwenye bering'i, kwenye rejeta iliyozibwa kwa risasi, kwenye rangi. Uchunguzi wa sufuria za namna hii kutoka nchi mbalimbali za Afrika na Asia umekuta baadhi zikitoa risasi kwenye chakula chenye asidi. Risasi haina kiwango salama kwa mtoto, na haionekani, hainuki, wala haina ladha. Kuichemsha au kuisugua sufuria hakuiondoi.

Rai yangu: sufuria ya kusubu iwe ya kupasha maji ya kuoga na kazi nyingine zisizo za chakula. Uji wa mtoto, mchuzi wa nyanya na vyenye ukwaju vipikwe kwenye ya kiwandani au ya chuma kisichoshika kutu. Najua bei si sawa. Na mafundi wanaoyasoma haya, tengeni rejeta, bering'i na betri mbali kabisa na chungu. Hata mapafu yenu yatashukuru.

Foili, upande unaong'aa uwe ndani au nje?

Popote. Karatasi mbili hupitishwa pamoja kwenye roli la mwisho; upande uliogusa roli unang'aa, uliogusa karatasi mwenzake unafifia. Ila samaki wa ndimu usimfunge kwa foili ukamlaza.

Nyaya za umeme za barabarani ni za alumini? Mbona si shaba?

Nyingi za zile kubwa ni alumini, mara nyingine na uti wa chuma katikati wa kubeba uzito. Kwa unene uleule, alumini hupitisha umeme kama asilimia 61 ya shaba. Lakini shaba ina uzito zaidi ya mara tatu, kwa hiyo waya wa alumini wa kufanya kazi ileile unakuwa mnene zaidi na bado uzito wake ni nusu. Nguzo zinapungua, gharama pia.

Ndani ya nyumba ni habari nyingine. Alumini ikibanwa na skrubu hulegea polepole, na utando wake hauupitishi umeme vizuri, hivyo kiungo kinapata joto. Ukiunganisha waya wa alumini na wa shaba kwa kuusokota na kuufunga selotepu, katika hewa yetu ya chumvi umeweka moto ukutani. Kuna viungio maalumu vya metali mbili. Fundi umeme anavijua.

Fundi wa kuchomelea alishindwa kuziba mguu wa kiti changu cha alumini. Hajui kazi?

Pengine anajua sana kazi ya chuma. Alumini inayeyuka kwenye 660, utando wake kwenye 2,072. Unachoma, ndani kumeshakuwa uji, juu ngozi bado imekaza, halafu ghafla kipande chote kinaanguka. Tena alumini haiwi nyekundu kabla ya kuyeyuka, hivyo jicho la fundi halipati onyo. Inatakiwa mashine ya gesi ya agoni yenye umeme wa mkondo geu, unaoubomoa utando huku ukiyeyusha. Tafuta mwenye hiyo.

Sisi vijana wa skrepa tunaijuaje, na kwa nini inanunuliwa kwa bei nzuri kuliko chuma?

Beba kipande cha sumaku kutoka spika mbovu. Kisiponata na kitu ni chepesi, ni alumini. Kisiponata na kikawa kizito chenye wekundu au unjano, ni shaba au aloi yake. Makopo ya vinywaji yana gramu 13 hivi kila moja, kwa hiyo kilo ni makopo kama 75. Msiyachanganye na pistoni wala fremu, kila aina ina aloi yake na mnunuzi makini hulipa zaidi zikiwa zimetengwa.

Bei inatokana na umeme. Kuyeyusha alumini ya zamani kunatumia kama asilimia 5 tu ya nishati ya kuitoa kwenye boksiti. Zile uniti 14 za kila kilo zimeshalipwa na mtu mwingine, zimo ndani ya kopo.

Tahadhari moja ya kweli: kamwe msitie skrepa yenye maji kwenye alumini iliyoyeyuka. Maji yakizama chini yake yanageuka mvuke kwa kishindo na metali inaruka kama risasi ya bunduki. Makopo yaliyookotwa ufukweni yakaushwe juani siku nzima.

Kule Handeni wachimbaji wengine huvukiza zebaki kwenye sufuria. Kuna ubaya gani?

Ubaya wa kwanza ni mvuke wenyewe, unaoharibu ubongo na figo za anayevuta na za walio nyumbani. Usivukize zebaki kwenye chombo chochote cha jikoni. Ubaya wa pili ni wa alumini: zebaki ikigusa mahali palipokwaruzwa inaungana na metali, utando hauwezi kujijenga upya, na alumini inaendelea kuoza mbele ya macho ikiotesha nyuzi nyeupe. Ndiyo maana zebaki haipandishwi hovyo kwenye ndege.

Je, alumini inaungua?

Kipande, ni vigumu. Unga wake, ndiyo, kwa mwanga mkali mweupe. Unga huo ukichanganywa na oksidi ya chuma na kuwashwa, alumini huinyang'anya chuma oksijeni na joto linapita nyuzi 2,000. Chuma kinatiririka kama maji. Mjerumani Hans Goldschmidt aliigundua njia hiyo miaka ya 1890, na reli zinaungwa kwa njia hiyo mpaka leo. Wanafunzi, hili tunalisoma tu, halijaribiwi nyumbani.

Tunafikiria boti ya alumini kwa uvuvi badala ya mbao au faiba. Itadumu baharini?

Itadumu ikiwa ni aloi ya baharini, kama 5083 yenye magnesiamu, na si bamba lolote la dukani. Aloi zenye shaba nyingi, zile za ndege, bahari inazila. Ining'inizieni vipande vya zinki, au vya ile aloi maalumu ya alumini ya kazi hiyo, chini ya maji viliwe badala ya boti, na mvibadilishe vikiisha nusu. Msiache sarafu, waya wa shaba wala betri inayovuja sakafuni mwa boti. Na rangi ya kuzuia chaza na mwani: ile ya kawaida ya madau ina shaba ndani yake, ikipakwa moja kwa moja kwenye alumini itatoboa boti. Ombeni isiyo na shaba.